Jean Serge Essous: Saksafoni ya Kingo Mbili

Hapa Lubumbashi, jina la OK Jazz likitajwa, kila mtu humfikiria Franco. Lakini okestra hiyo ilipoanza rasmi, tarehe 6 Juni 1956, kiongozi wake wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 21 kutoka ng'ambo ya Mto Kongo, mpiga klarineti na saksafoni aitwaye Jean Serge Essous.

Essous alizaliwa mwaka 1935 huko Mossaka, katika Kongo-Brazzaville ya leo. Katika ujana wake, saksafoni ilikuwa bado ngeni kwenye rumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mbelgiji Fud Candrix, aliyekwisha kupata jina Ulaya kwa jazi, alirekodi Léopoldville kwa kampuni ya santuri ya Opika, pamoja na wanamuziki Wakongo. Santuri hizo ziliwaonyesha vijana wa kingo zote mbili kwamba saksafoni inaweza kuimba katikati ya magitaa.

Essous alipiga kwanza katika bendi ya Negro Jazz ya Brazzaville, kisha akavuka mto. Katika studio ya Loningisa alimkuta Henri Bowane, mpiga gitaa aliyekuwa akikusanya vijana wenye kipaji. Franco mwenyewe alipita mikononi mwa Bowane. Hakuna aliyejali kijana alitoka ukingo gani. Kilichotakiwa ni ajue kupiga, na wimbo uimbwe kwa Kilingala kinachoeleweka pande zote mbili.

Hakukaa sana OK Jazz. Pamoja na mwimbaji Rossignol alihamia kampuni ya Esengo, wakaunda Rock-a-Mambo. Huko mwalimu alikuwa Joseph Kabasele wa African Jazz. Bendi hizo mbili zilirekodi pia kwa pamoja, kwa jina la African Rock, na Essous akajifunza kwa kukaa karibu na mkubwa wake, kama fundi mdogo anavyojifunza karakanani. Nafasi ya saksafoni katika OK Jazz ikashikwa na mgeni mwingine, Isaac Musekiwa, mzaliwa wa nchi inayoitwa leo Zimbabwe.

Tarehe 4 Januari 1959 ghasia zililipuka Léopoldville. Uhuru ulikaribia, na mto uliokuwa njia ukaanza kuwa mpaka. Wanamuziki kadhaa wa Brazzaville walirudi kwao. Tarehe 15 Agosti mwaka huo, kwenye baa ya Faignond mtaani Poto-Poto, Essous, Nino Malapet na wenzao walizindua Bantous de la Capitale. Miaka mitano baadaye, serikali ya Tshombe iliwafukuza watu wa Brazzaville kutoka Léopoldville. Sisi wa Katanga hatuhitaji kuelezwa maana ya jirani kuulizwa asili yake: mwaka 1992 na 1993 Wakasai waliondoshwa katika miji yetu.

Mwaka 1966 Bantous walikwenda Dakar kwenye tamasha la sanaa za watu weusi. Baadaye Essous alipiga na Ryco Jazz katika visiwa vya Antilles, na mjini Paris akakutana tena na Kabasele katika African Team, safari hii kando ya Manu Dibango. Miaka ya 1970 alirudi kwa Bantous, akawa mzee ambaye vijana walikuja kujifunza kwake. Alifariki Novemba 2009.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna sababu ya kumkumbuka. Tumezoea kuchora ramani za lugha kwa kufuata mipaka ya nchi. Katika miaka ya 1956 hadi 1959, vijana wa Brazzaville na Léopoldville walitunga, waliimba na kurekodi pamoja, na Kilingala cha santuri hizo ni mali ya wote. Anayetafuta ushahidi wa jinsi lugha ya jiji inavyokua, aanze na orodha ya wanamuziki wa Rock-a-Mambo na mahali alikozaliwa kila mmoja wao.