Ignaz Semmelweis: Tabibu Aliyepuuzwa

Ignaz Semmelweis alizaliwa mjini Buda, Hungaria, mwaka wa 1818. Katika Hospitali Kuu ya Vienna alishuhudia wanawake wakifa baada ya kujifungua, wengi wao katika wadi ya madaktari kuliko ya wakunga. Mwaka wa 1847 rafikiye, Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu maiti ikipasuliwa, akafa kwa dalili zizo hizo. Semmelweis akang'amua kuwa madaktari walitoka kwa maiti wakaenda kuzalisha. Akawaamuru wanawe kwa maji ya klorini. Vifo vikashuka kutoka 18 kwa kila mia mwezi Aprili hadi 2 mwezi Juni. Wengi walikataa kukiri kwamba mkono wa tabibu ndio ulioua. Alifariki mwaka wa 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Utafiti wa Pasteur na Lister ukamthibitisha. Heshima aliyonyimwa akiwa hai, akapewa kaburini.