Florence Nightingale: Muuguzi aliyehesabu waliokufa ili waliobaki wapone

Kama umewahi kumuuguza ndugu aliyefanyiwa upasuaji, au una mzazi aliyelazwa kwa ugonjwa wa moyo, umemwona muuguzi akija saa tisa usiku. Anamshika mgonjwa kifundo cha mkono, anatazama saa, anaandika kwenye faili, kisha anaondoka bila kutoa hata kidonge kimoja. Wengi wetu hujiuliza: huyu amekuja kufanya nini?

Ili kupata jibu, msikilizaji wetu, leo tunasimulia maisha ya Florence Nightingale. Kila tarehe 12 Mei, wauguzi duniani kote huadhimisha siku yao, na hiyo ndiyo siku aliyozaliwa mama huyu.

Binti wa tajiri aliyetaka kuuguza

Florence alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake Waingereza wakiwa safarini. Jina la mji ndilo wakampa mtoto. Familia ilikuwa na mali, na baba yake alimfundisha mwenyewe nyumbani. Hesabu aliipenda kuliko kushona na kwenda kwenye karamu.

Alipokuwa kijana alitangaza kwamba anataka kuwa muuguzi. Nyumbani pakawaka moto. Wakati ule Uingereza kazi hiyo ilidharauliwa, ikaonekana ni ya wanawake maskini wasio na elimu, na mama na dada yake waliona aibu. Alikataa kuolewa na mchumba aliyemsubiri kwa miaka mingi. Mwaka 1851, akiwa na miaka 31, alipata ruhusa ya kwenda kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani. Miaka miwili baadaye alikuwa akisimamia hospitali ndogo ya wanawake jijini London.

Majira ya baridi ya Scutari

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliungana na Uturuki kupigana na Urusi katika Vita vya Crimea. Askari wa Uingereza waliojeruhiwa na waliougua walipelekwa kwa meli hadi Scutari, ng'ambo ya Istanbul. Waziri Sidney Herbert, aliyemfahamu Florence, alimwomba aende huko na wauguzi. Alifika mwezi Novemba akiwa na wanawake 38.

Walikuta wagonjwa wamelala sakafuni, wamejaa chawa, hakuna mashuka ya kutosha wala sabuni. Wakaosha, wakapika, wakafunga vidonda. Florence alizunguka wodini usiku akiwa na taa mkononi, na sifa zake zikaenea hadi Uingereza.

Lakini kuna jambo ambalo sifa hizo huliacha nje. Pamoja na jitihada zote hizo, vifo viliongezeka. Februari 1855, kwa hesabu zake mwenyewe, karibu wagonjwa 42 kati ya kila 100 walikufa. Jengo lile lilikaa juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba. Mwezi Machi wakaja wakaguzi wa afya kutoka Uingereza, wakazibua mifereji, wakasafisha njia ya maji, wakapaka kuta chokaa na kuruhusu hewa ipite. Kufikia Juni, vifo vilishuka hadi 2 kati ya kila 100.

Hesabu ikamfunza

Vita vilipoisha mwaka 1856, Florence alirudi nyumbani akiwa shujaa. Angeweza kukaa akala sifa. Badala yake aliomba takwimu zote za vifo, akaketi na mtaalamu wa takwimu, William Farr, wakaanza kuhesabu.

Awali aliamini kwamba askari walikufa kwa sababu walifika wakiwa wamechoka kwa njaa na baridi. Hesabu ikamwonyesha jambo lingine. Waliouawa na magonjwa kama kuhara na homa ya matumbo walikuwa wengi mara kadhaa kuliko waliouawa na risasi, na uchafu wa hospitali yenyewe ulichangia. Naye alikuwa ndani ya hospitali hiyo. Hakuficha. Aliandika ripoti na kuchora michoro ya duara yenye rangi, ili hata mkubwa asiyependa tarakimu aone kwa jicho moja. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wanatakwimu cha Uingereza.

Kazi hii aliifanya akiwa mgonjwa. Homa aliyoipata Crimea ilimdhoofisha, na kwa miaka mingi aliandika akiwa kitandani.

Alichowaachia wauguzi

Kwa michango ya wananchi, mwaka 1860 alianzisha shule ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas', London. Katika vitabu vyake alifundisha kwamba mateso mengi ya mgonjwa hayatokani na ugonjwa wenyewe, bali na kukosa hewa safi, usafi, utulivu, au chakula kwa wakati. Alieleza hata namna ya kupanga mito ili mgonjwa apumue vizuri. Alitaka kila hospitali iandike matokeo ya kila upasuaji.

Hakuwa sahihi katika yote. Kwa muda mrefu aliamini magonjwa huletwa na hewa chafu, na alichelewa kukubali habari za vijidudu.

Hata hivyo, mbegu aliyoipanda imekua. Mwaka 1973 wauguzi walikutana St. Louis, Marekani, wakaanza kupanga orodha ya kile kinachoitwa utambuzi wa kiuguzi. Maana yake ni hii: daktari anasema moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri. Muuguzi anatazama na kusema mgonjwa huyu anakosa pumzi akilala chali, na miguu imejaa maji. Basi anamwinua kwa mito, anampima uzito kila asubuhi, anapima maji anayokunywa na mkojo anaotoa. Kwa aliyepasuliwa tumbo, anaona maumivu yanamzuia kuvuta pumzi kwa nguvu. Anampa dawa ya maumivu aliyoandikiwa, anamfundisha kukohoa akiwa amekumbatia mto, anamsaidia kuanza kutembea mapema, na anakagua mshono kama umevimba au unatoa usaha.

Florence alifariki London tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90. Familia ilikataa heshima ya kumzika Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa nchi. Alizikwa kijijini, karibu na wazazi wake.

Kwa hiyo muuguzi akija saa tisa usiku, usidhani anamsumbua mgonjwa wako. Anahesabu. Nawe msaidie: ukiona pumzi imebadilika, mguu umevimba, mshono umelowa, au mgonjwa ana joto kali, mwambie hapo hapo. Usingoje daktari apite asubuhi.