Daktari wa kijiko na mshumaa: Richard Bright na kazi ya figo

Mama, ukienda kliniki ya wajawazito unapewa kikopo uweke mkojo. Wengi huniuliza wa nini, na wengine huona aibu wakakirudisha kitupu. Jibu linaanza na daktari mmoja Mwingereza, Richard Bright.

Bright alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Bristol, akasomea udaktari Edinburgh, kisha akafanya kazi katika hospitali ya Guy's jijini London. Nyumbani msiba haukumkosa: mke wake wa kwanza, Martha, alifariki baada ya kujifungua mtoto wao.

Wodini alikuta wagonjwa waliovimba uso, tumbo na miguu. Alichukua mkojo wao, akautia kwenye kijiko na kuupasha moto juu ya mshumaa. Mkojo wa baadhi yao uliganda, kama ute wa yai unavyoganda ukipata moto. Wagonjwa hao walipofariki, aliichunguza miili yao na kukuta figo zimeharibika. Mwaka 1827 alichapisha kitabu kilichounganisha mambo hayo matatu: kuvimba, mkojo unaoganda na figo mbovu. Kwa miaka mingi ugonjwa huo uliitwa kwa jina lake.

Kwa nini mkojo uligande?

Una figo mbili, nyuma ya tumbo, kila moja karibu ukubwa wa ngumi. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana, kama milioni moja. Damu ikipita humo kwa msukumo wa moyo, maji, chumvi, sukari na taka hupenya. Chembe za damu na protini hubaki ndani ya damu, kama machicha yanavyobaki ukichuja tui.

Kwa mtu mzima, lita 180 hivi huchujwa kila siku. Bila shaka hatukojoi zote! Majimaji hayo hupita kwenye vijia vyembamba, na humo mwili hurudisha sukari, chumvi na maji unayoyahitaji. Taka na maji yaliyozidi, kama lita moja hadi mbili, ndiyo mkojo unaoshuka kwenye kibofu. Daktari mwingine wa London, William Bowman, ndiye aliyeonyesha mwaka 1842 jinsi kichujio kinavyoungana na kijia chake.

Sasa fikiria kichujio kimetoboka. Protini inapotea kwenye mkojo, na ndiyo iliyoganda kwenye kijiko cha Bright. Protini husaidia kushikilia maji ndani ya mishipa. Ikipungua sana, na figo zikishindwa kutoa chumvi na maji, maji huvujia mwilini. Ndipo mtu anavimba.

Bright alifariki mwaka 1858 bila kupata dawa ya kuponya figo. Wale aliojifunza kwenye miili yao walikuwa wamekwisha kufa. Sisi leo tunaweza kujua mapema. Mshumaa hauhitajiki tena, wala usijaribu nyumbani: kituoni tunachovya kijikaratasi kwenye mkojo, na baada ya dakika chache tunajua kama una protini.

Basi usikirudishe kikopo kitupu. Protini kwenye mkojo pamoja na presha iliyopanda, baada ya wiki 20 za ujauzito, inaweza kuwa dalili ya hatari inayotangulia kifafa cha mimba. Ukiumwa kichwa sana, ukiona ukungu machoni, au ukivimba ghafla uso na mikono, nenda kituoni saa hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Na mtazame mtoto asubuhi. Nimewaona akina mama wakifurahi kwamba mtoto amenenepa mashavu, kumbe ni maji. Mpeleke kituoni siku hiyohiyo ukiona:

- macho au uso umevimba anapoamka, hasa kama wiki chache zilizopita alikuwa na maumivu ya koo au vidonda vya ngozi;
- mkojo una rangi ya chai ya rangi au damu, au una povu lisiloisha;
- anakojoa kidogo sana kuliko kawaida.

Ukifika, sema wazi kwamba mtoto amevimba, na uombe apimwe mkojo na presha.