Sondre Norheim, fundi asiyekuwa na ardhi

Wiki mbili zilizopita nilisimama kwa fundi wangu wa viatu hapa Makupa kuchukua makubadhi yangu. Juu ya meza yake palikuwa na kiatu ambacho sijapata kukiona mtaani kwetu: cha plastiki ngumu kama ndoo, kizito, kina bizimu nne ubavuni na soli isiyokunjika. Muuza mitumba alikikuta ndani ya robota akamletea fundi, aone kama chaweza kukatwa kiwe kiatu cha mvua. Fundi alikuwa ameshakataa. Lililomshughulisha ni jambo jengine. Ubavuni mwa soli, katikati, mlikuwa na kistari kidogo, na akataka kujua ni cha nini.

Kiatu kile ni cha skii, zile mbao mbili ndefu ambazo watu wa nchi za baridi huzifunga miguuni wakateleza kwenye theluji. Kistari kinaonyesha katikati ya soli. Juu ya ubao nako kuna alama yake, na mwenye kupigilia vifungio huhakikisha alama hizo mbili zinalingana kabla hajatoboa tundu la kwanza. Akisogeza mguu mbele kidogo, ubao hugeuka kwa wepesi. Akiurudisha nyuma, ncha huelea vizuri kwenye theluji nyingi, lakini kukata kona kunakuwa kuzito.

Kwa skii za safari ndefu za tambarare, ambazo hufunga vidole tu na kuacha kisigino huru, desturi ni kuulaza ubao juu ya kitu chembamba mpaka upatikane mizani yake. Ncha ya kiatu hukaa hapo. Ukiinua mguu, ubao hauangukii mbele wala nyuma.

Fundi alicheka, akasema huo ni msuruaki. Alisema kweli. Wakubwa wetu wanaukumbuka mtalawanda, kile kiatu cha mti, na kigingi chake kinachokaa baina ya kidole gumba na cha pili. Ukiutoboa msuruaki mbele mno, vidole vyachungulia nje. Ukiutoboa nyuma mno, kisigino chaning'inia hewani. Na mti ukishatobolewa umetobolewa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Sondre Norheim, na leo, ndugu msomaji, ningependa nikusimulie habari zake.

Alizaliwa tarehe 10 Juni 1825 katika kijiji cha Morgedal, jimbo la Telemark, nchini Norwei. Hakuzaliwa kwenye mali. Alikuwa mtu wa kukaa juu ya ardhi ya mwingine, akilipia kibanda na kishamba chake kwa kazi ya mikono yake. Sisi tuliokulia Makupa na Majengo, ambako mtu anamiliki kuta na paa lakini kiwanja kina mwenyewe wa kulipwa kodi, hatuhitaji kufafanuliwa maisha hayo. Jina Norheim lenyewe ni la mahali alipopata kuishi, si la urithi. Mwaka 1854 alimwoa Rannei, wakajaaliwa watoto.

Zama zile skii zilikuwa na ukanda mmoja tu wa kushika vidole, uliopitishwa kwenye tundu lililochongwa katikati ya ubao. Kisigino kilikuwa huru kabisa. Ziliwafaa watu kwa kwenda moja kwa moja, kuwinda au kutembelea jirani. Lakini ukiruka, ubao ulikuacha, na kona kali hukuiweza.

Norheim ndiye anayehesabiwa kuleta mageuzi. Alichukua matawi membamba na mizizi laini ya miti, akaisokota kama kamba, akaizungusha nyuma ya kisigino. Mguu ukashikamana na ubao, lakini kisigino bado kiliweza kuinuka. Tena akazifupisha skii na kuzibana kiunoni, ziwe nyembamba katikati kuliko kwenye ncha, ili zikate kona. Hakuwa na kiwanda wala shahada. Alikuwa na kisu, miti ya jirani, na mlima wa kujaribia. Kilichovunjika alikichonga upya.

Mwaka 1868 alikwenda kushindana katika mji mkuu, Christiania, ambao leo ni Oslo. Alikuwa na miaka 42, na husimuliwa kwamba safari yenyewe aliifanya kwa skii, siku kadhaa njiani. Vijana wa mjini walimwona mzee wa shamba akiwapita bila hata fimbo ya kujishikilia, na akashinda. Ile kona ya kupiga goti moja ikaitwa kwa jina la jimbo lake, Telemark, na mpaka leo inaitwa hivyo.

Sifa hazikumlisha. Mwaka 1884, akikaribia miaka 60, alipanda meli na mkewe na baadhi ya watoto kuhamia Marekani kutafuta ardhi. Walianzia Minnesota, kisha wakahamia North Dakota, na huko ni uwanda mtupu. Bingwa wa milima akamalizia umri wake mahali pasipo hata kilima cha kutelezea. Alifariki mwezi Machi 1897, akazikwa Denbigh, na kaburi lake likakaa miongo mingi bila jiwe la jina.

Heshima ilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1952 Oslo ilipoandaa Olimpiki ya baridi, mwenge uliwashwa mekoni mwa kibanda alichozaliwa huko Morgedal. Na kazi yake ikatufikia hata sisi. Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alishindana Nagano, Japani, kwa skii za kisigino huru. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie, Mnorwei, akamngoja mwishoni akamkumbatia. Mwaka 2018 Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya huko Korea Kusini akiteremka milima, kisigino kimefungwa barabara.

Norheim alibahatika kwa jambo moja: watu wa kijiji chake walilihifadhi jina lake mpaka dunia ikawa tayari kuuliza. Sisi tumehifadhi nini? Ni nani aliyekuwa akichonga mitalawanda iliyovaliwa Mji wa Kale? Nani aliyekadiria mahali pa kusimamisha mlingoti wa jahazi kwa jicho tu, bila karatasi? Vitu vyenyewe tunaviona kwenye makumbusho ya Fort Jesus na Lamu. Majina ya waliovitengeneza wengi wetu hatuyajui, na wajukuu zao tunakaa nao mtaa mmoja.

Nilipouliza pale kibandani, fundi wangu aliniambia babu yake alichonga mitalawanda. Nilitoa kalamu nikaandika jina la babu, jina la mtaa, na mti aliopenda kuutumia. Ilichukua dakika tano. Nawe una mzee wako. Mwendee wiki hii, umuulize, na uandike.

Panapo majaliwa, tukutane Ijumaa ijayo.