Hedy Lamarr: Nyota wa filamu aliyetafuta njia ya kulinda mawimbi ya redio

Unapomrushia jirani wimbo kwa Bluetooth, hakuna mnara unaohusika wala bando linalokatwa. Simu mbili huzungumza zenyewe, huku zikihama pamoja kutoka masafa haya kwenda mengine, hadi mara 1,600 kwa sekunde. Mbinu ya kuhama masafa ilimshughulisha mwigizaji mmoja wa filamu zaidi ya miaka 80 iliyopita.

Hedwig Kiesler alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1914. Mwaka 1933 aliolewa na Fritz Mandl, tajiri aliyetengeneza silaha. Ndoa ikawa kama kifungo, naye mwaka 1937 akatoroka. Alipofika Marekani akawa Hedy Lamarr, nyota wa Hollywood.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli nyingi. Lamarr aliwaza kuhusu topido, bomu linalopita majini, ambalo lingeongozwa kwa redio. Tatizo ni kwamba adui akiyajua masafa yanayotumika, hurusha kelele papo hapo na topido hupotea njia.

Akishirikiana na mtunzi wa muziki George Antheil, alipata jibu: mtambo wa kurusha na wa kupokea vihame pamoja. Karatasi mbili zenye matundu yanayofanana, kama zile za piano inayojipiga yenyewe, zingeonyesha wakati wa kuhama. Masafa yangeweza kufika 88, sawa na vibonyezo vya piano. Asiye na karatasi hiyo asingejua wanahamia wapi.

Walipewa hataza, yaani haki ya wavumbuzi, tarehe 11 Agosti 1942. Hata hivyo, Jeshi la Majini la Marekani halikuutumia mtambo huo vitani. Lamarr akaendelea kujulikana kwa uzuri wake, na kampeni za kuuza hati fungani za vita zikamtumia kwa sura hiyo. Hataza ikaisha muda bila kumpa utajiri.

Hakuwa wa kwanza kuwaza kuhama masafa, wala hakutengeneza Bluetooth. Siku hizi simu huhama hasa ili kukwepa mwingiliano, na siri hulindwa kwa kuufumba ujumbe. Lakini alilitambua hitaji mapema, wakati wengi walimtazama sura tu.

Tuzo ya kuutambua uvumbuzi wake ilimfikia mwaka 1997, akiwa na miaka 82. Alifariki Januari 2000, huko Florida.