Kazi Nazrul Islam: muadhini mdogo aliyekuwa ulimi wa wanyonge wa Bengal

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunapotajiwa washairi katika Qur'ani Tukufu hukumbuka mwisho wa Suratu Shu'araa, pale wanapolaumiwa kwamba wanaowafuata ni wapotofu, kwamba hutangatanga katika kila bonde na kwamba husema wasiyoyatenda. Ni wachache wanaoendelea hadi aya inayofuata, ambamo Mola anawatoa katika lawama hiyo wale walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Ijumaa ya leo tumtazame mshairi mmoja ambaye katika uhai wake baadhi ya Waislamu wenzake walimwita kafiri, na alipofariki dunia akazikwa kando ya msikiti kwa heshima za taifa zima. Huyu ni Kazi Nazrul Islam, mshairi, mtunzi wa michezo ya kuigiza na mtunzi wa nyimbo wa Bengal.

Mtoto wa imamu

Nazrul alizaliwa mwezi wa Mei 1899 katika kijiji cha Churulia, wilaya ya Burdwan, zama ambazo Bengal na sehemu nyingine za Bara Hindi zilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Jina Kazi ni lile lile neno la Kiarabu ambalo sisi tunalitamka kadhi. Hata hivyo, heshima ya jina haikufuatana na mali. Baba yake, Kazi Faqir Ahmed, alikuwa imamu wa msikiti wa kijiji na msimamizi wa kaburi la mja mwema lililokuwa hapo. Mama yake aliitwa Zahida Khatun. Nyumbani walimwita mtoto huyu Dukhu Mia, jina lenye kubeba maana ya huzuni na dhiki.

Mwaka 1908 baba yake akafariki dunia na kumwacha akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Yatima huyo akazishika kazi za marehemu: akahudumia kaburi, akaadhini msikitini, na baada ya kumaliza masomo ya chuo akawafundisha watoto wenzake. Basi kabla watu hawajamjua kwa mashairi, wanakijiji wa Churulia walikwisha kumsikia kwa adhana.

Lakini ujira wa msikiti wa kijijini haukutosha kulisha nyumba. Akajiunga na kikundi cha maigizo ya vijijini, sanaa ijulikanayo huko kwa jina la leto, ambayo ami yake Bazle Karim alikuwa bingwa wake. Humo ndimo alimojifunza kutunga nyimbo na michezo ya kuigiza angali mtoto, na humo akazijua pia hadithi za kale za Wahindu. Mwaka 1910 alirudi shule, ada ikamshinda. Akawa mpishi katika nyumba ya mfanyakazi wa reli, kisha akafanya kazi katika duka la mikate na chai mjini Asansol. Huko afisa mmoja wa polisi, Rafizullah, akakitambua kipaji cha kijana huyu, na mwaka 1914 akampeleka kusoma shule ya Darirampur katika wilaya ya Mymensingh, ambayo leo imo katika nchi ya Bangladesh.

Ndugu zangu, tulizingatie hili. Lau si mtu mmoja kumtazama mtoto wa dukani kwa jicho la huruma, huenda kipaji kile kingeishia mbele ya tanuri la mikate. Katika mitaa yetu wapo mayatima wangapi wanaouza karanga na maji barabarani, na sisi tunawapita kila siku?

Kutoka jeshini hadi gerezani

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Nazrul aliacha shule na kujiandikisha katika Kikosi cha 49 cha Wabengali, akapelekwa kambi ya Karachi. Huko alipanda cheo hadi kuwa sajini. Hakupoteza wakati wake wa kambini, kwani alimpata maulana mmoja wa Kipunjabi aliyemsomesha Kifarsi, akazama katika diwani za Hafidh na Rumi. Hadithi na mashairi yake ya kwanza yalitoka kambini humo kwenda kwenye majarida ya Calcutta.

Kikosi kilipovunjwa mwaka 1920 alikwenda kuishi Calcutta, akaingia katika uandishi wa magazeti pamoja na rafiki yake Muzaffar Ahmad. Mwezi wa Desemba 1921 akatunga shairi refu liitwalo Bidrohi, maana yake mwasi, na lilipochapishwa Januari 1922 jina lake likaenea Bengal nzima. Alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Agosti ya mwaka huo akaanzisha gazeti lake mwenyewe, Dhumketu, yaani nyota yenye mkia, na mwezi wa Oktoba gazeti hilo likadai uhuru kamili wa nchi. Chama cha Congress, kilichokuwa kikiongoza harakati za siasa, kilikuja kulipitisha azimio kama hilo mwaka 1929.

Watawala hawakukawia. Kwa sababu ya shairi moja alilolichapisha gazetini, Nazrul alikamatwa mwezi wa Novemba 1922 mjini Comilla na kushitakiwa kwa uchochezi. Mahakamani alitoa utetezi wa maandishi ambao unasomwa hadi leo, akieleza kwamba nyuma ya mashitaka yale yuko mfalme wa dunia, na nyuma yake yeye yuko Mfalme wa wafalme, na kwamba mshairi ni chombo tu cha kuitamka haki. Januari 1923 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na kazi ngumu.

Alipohamishiwa gereza la Hooghly na kuona wafungwa wanavyotendewa, aligoma kula kwa zaidi ya mwezi mmoja. Rabindranath Tagore, mshairi mkubwa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1913, ambaye mapema mwaka huo wa 1923 alikwisha kumtunukia mfungwa huyo mchezo wake wa kuigiza, alimpelekea simu ya maandishi akimsihi ale. Mgomo ulikwisha mwezi wa Mei, na Desemba 1923 Nazrul akatoka. Vitabu vyake vitano vilipigwa marufuku na serikali ya Waingereza kwa nyakati mbalimbali. Hivyo ndivyo alivyojitetea baada ya kudhulumiwa, na hakujitetea peke yake. Jarida alilolianzisha mwaka 1925 aliliita Langal, maana yake plau, kwa ajili ya wakulima na vibarua.

Idi na Juzuu Amma

Tangu diwani yake ya kwanza ya mashairi, Agnibina ya mwaka 1922, Nazrul aliandika juu ya Muharram na juu ya kuchinja kwa Idi. Baadaye akatunga mashairi juu ya Sayyidna Umar na Khalid bin Walid, Mwenyezi Mungu awawie radhi. Mwaka 1930 na 1931 alichapisha pia michezo ya kuigiza, Jhilimili na Aleya. Lakini kazi iliyoingia katika kila nyumba ni nyimbo.

Tokea mwaka 1928 alikuwa akitunga kwa ajili ya kampuni ya santuri mjini Calcutta. Mwimbaji Abbasuddin Ahmed alimwomba atunge nyimbo za Kiislamu, na msimamizi wa kampuni alisita muda mrefu akihofu kwamba Waislamu hawatazinunua. Hatimaye alikubali, na Nazrul akatunga utenzi wa kuukaribisha mwezi wa Idi baada ya saumu ya Ramadhani. Santuri ilitoka mwaka 1932 ikanunuliwa kwa wingi mno, na hadi leo mwezi mwandamo wa Shawwal unapoonekana Bangladesh, wimbo huo husikika kutoka kila upande. Mwaka uliofuata, 1933, alichapisha tafsiri ya Juzuu Amma kwa mashairi ya Kibengali, sura zile zile ambazo watoto wetu huanza nazo madrasa. Aliianza pia sira ya Mtume (S.A.W.) kwa mashairi, lakini hakujaaliwa kuimaliza.

Mwenye kumwita mwenzake kafiri

Sasa, ndugu msomaji, haifai kuficha upande wa pili. Nazrul alitunga pia nyimbo nyingi za ibada za Wahindu, zikiwamo za kumsifu mungu wao wa kike Kali. Mwezi wa Aprili 1924 alimwoa Pramila, binti wa nyumba ya Kihindu, ndoa iliyowakasirisha watu wa pande zote mbili. Hukumu ya sheria katika mambo haya inajulikana: haijuzu kumsifu kwa ibada asiyekuwa Allah, na ndoa na mwanamke asiyekuwa Muislamu wala miongoni mwa Watu wa Kitabu haikuruhusiwa. Kumpenda mshairi hakuibadilishi hukumu hiyo, na mwenye kuchukua mfano kwake aache haya na achukue mengine.

Lakini hukumu ya kitendo ni jambo moja, na kumtoa mtu katika Uislamu ni jambo jingine kabisa. Baadhi ya wanazuoni na waandishi wa zama zake walimwita kafiri hadharani, hali ya kuwa mwenyewe anaishuhudilia Qur'ani na kumsifu Mtume (S.A.W.). Na tukumbuke kwamba shairi moja lililowachoma ni lile alilosimulia mtu mwenye njaa anayefukuzwa hekaluni, kisha akafukuzwa na msikitini pia, ilhali chakula kipo. Shairi hilo linatugusa sisi tunaopanda mimbari. Jibu lake lilikuwa ni kumlisha mwenye njaa, wala si kumfukuza aliyesema.

Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba mtu akimwita ndugu yake kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Na Usama bin Zayd (R.A.), alipomuua mtu aliyekwisha kutamka shahada akidhani aliitamka kwa kuogopa upanga, Mtume alimlaumu kwa kumuuliza kama aliupasua moyo wake akaona yaliyomo. Ikiwa Sahaba aliyependwa namna ile alilaumiwa, sisi tutajibu nini?

Miaka 34 ya kimya

Mitihani ikamwandama. Mwanawe mpendwa, Bulbul, alikufa kwa ndui mwaka 1930. Mwaka 1939 mkewe alipooza, na katika kumtibu Nazrul aliweka rehani haki za kazi zake. Kisha mwezi wa Julai 1942, akiwa na umri wa miaka 43, akashikwa na maradhi yaliyomwondolea usemi na kumbukumbu. Mwaka 1953 alipelekwa London na Vienna, na madaktari wakasema ni maradhi ya ubongo yasiyokuwa na tiba. Pramila, mwenyewe akiwa hawezi kusimama, alimtunza hadi alipofariki mwaka 1962.

Nchi ikapata uhuru mwaka 1947 na kugawanywa, wala hakuweza kusema neno juu yake. Bangladesh ilipojitenga na Pakistan, serikali yake ilimwita, na tarehe 24 Mei 1972 akahamia Dhaka, ambako alienziwa kuwa mshairi wa taifa na kupewa uraia. Alifariki dunia tarehe 29 Agosti 1976. Katika utenzi wake mmoja aliwahi kuomba azikwe jirani na msikiti ili aisikie adhana akiwa kaburini, na hivyo ndivyo ilivyofanyika. Kaburi lake lipo kando ya msikiti wa Chuo Kikuu cha Dhaka.

Ndugu zangu Waislamu, mtu huyu alipewa miaka ipatayo ishirini tu ya kuandika na kusema, kisha miaka 34 ya kimya. Ulimi ni amana, na mwenye kuutoa anaweza kuuchukua mchana mmoja. Waliomsifu na waliomkufurisha wote wamekwishaondoka, na hesabu yake iko kwa Mola wake, anayejua ya dhahiri na ya siri. Sisi tuliobaki na ndimi zetu tujiulize usiku huu pamoja na watoto wetu: ni dhulma gani tumeinyamazia, na ni Muislamu gani tumemtoa katika dini kwa maneno ya barazani?

Ewe Mwenyezi Mungu, msamehe mja wako Nazrul alipokosea, mkubalie alipopatia, na uzitumie ndimi zetu katika haki kabla hujazinyamazisha. Amin. Wabillahi tawfiq.