Fritz Pollard: Kocha mweusi wa kwanza NFL, aliyebadilishia nguo dukani

Siku za mechi mjini Akron, Ohio, nyota wa timu hakuingia chumba cha kubadilishia nguo na wenzake. Fritz Pollard alivalia jezi kwenye duka la sigara la mmoja wa wenye timu, kisha akapelekwa uwanjani mechi ikiwa karibu kuanza. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe uzeeni. Huo ulikuwa mwaka 1919. Akron ulikuwa mji wa viwanda vya matairi, na baadhi ya mashabiki walimzomea kwa rangi yake hata akiwachezea wao.

Majina yake kamili yalikuwa Frederick Douglass Pollard, kwa heshima ya yule mpigania uhuru wa watumwa. Alizaliwa Chicago Januari 27, 1894, baba yake akiwa kinyozi. Kwa mpira wa Marekani, ule wa helmeti na kugongana, jamaa alikuwa mdogo: futi 5 na inchi 9, kilo 75 hivi. Ila mbio alikuwa nazo, na ujanja pia. Akiangushwa tu, alijigeuza chali na kuchezesha miguu hewani kama anayeendesha baiskeli. Aliyekuja kumrukia akiwa chini ili amuumize alikutana na njumu, akaghairi.

Akiwa Chuo Kikuu cha Brown alikuwa mweusi wa kwanza kucheza mechi ya Rose Bowl, Januari 1, 1916. Mwaka 1920, ligi iliyokuja kuitwa NFL ilipoanza, Akron Pros walichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja: ushindi 8, sare 3. Msimu mzima walifungwa pointi 7 tu!

Mwaka uliofuata Pollard akawa kocha mwenza huku bado anacheza. Yaani mtu asiyeruhusiwa kuvaa na wenzake ndiye sasa aliyekuwa akiwapanga.

Baada ya hapo ni kuhamahama. Mwaka 1922 alikuwa Milwaukee, akicheza na Paul Robeson, yule mwimbaji maarufu aliyekuja kusoma Kiswahili London. Mwaka 1923 alikuwa Hammond, na huko akacheza kama kwotabeki, yaani yule anayeongoza kila shambulizi. Hakuna mweusi aliyewahi kushika nafasi hiyo NFL kabla yake. Akapita Providence, akacheza hata kwenye ligi ya miji ya wachimba makaa ya mawe Pennsylvania, kisha akarudi Akron. Mwaka 1926 NFL ikaishia hapo kwake.

Kilichofuata ni kibaya zaidi. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna mweusi hata mmoja aliyecheza NFL. Sheria ya maandishi haikuwepo, wenye timu waliacha tu kuwasajili. Pollard hakukaa kulalamika. Alishaunda timu ya weusi Chicago, na mwaka 1935 akawa kocha wa Brown Bombers wa New York, waliopewa jina la utani la bondia Joe Louis. Lengo lilikuwa kuonyesha kwamba wachezaji weusi wapo na wanaweza.

Pembeni alikuwa mtu wa biashara. Kampuni yake ya uwekezaji ilianguka baada ya masoko ya hisa kuporomoka mwaka 1929, akaanzisha gazeti, baadaye akawa mshauri wa kodi. Ukumbi wa mashujaa wa mpira wa vyuo ulimwingiza mwaka 1954. Ule wa NFL ukanyamaza.

Alifariki Mei 11, 1986, akiwa na miaka 92. Miaka mitatu baadaye Los Angeles Raiders wakamteua Art Shell, na ndiye kocha mkuu mweusi wa kwanza NFL tangu Pollard.

Mwaka 2005 NFL nayo ikamwingiza kwenye ukumbi wake wa mashujaa. Uko Canton, mji wa mahasimu wakubwa wa Akron enzi zake.